Mtulinga wa Zayed

Mchafukoge, Dar es Salaam
Jumapili, 4 Februari 2024

Mpenzi Euphrasia,

Shuleni tulifundishwa kwamba aya ya kwanza ya barua ya kirafiki ni salamu na ya pili ni dhumuni. Salamu ni rahisi. Sisi wa ghorofa ya tatu hatujambo, na mama yako na kaka yako Tarsis huko chini hawajambo, ila mama yako anasema tangu uende bweni hakuna wa kumtungia uzi kwenye sindano. Siku hizi nashuka kumtungia mimi. Dhumuni ndilo linalonitia haya.

Najua hapo shuleni simu ni marufuku. Lakini hata ingeruhusiwa ningeandika, kwa sababu kwenye simu ungeniuliza "kwa nini unataka kujua?" kabla sijamaliza sentensi, nami ningekata.

Matokeo ya kidato cha nne umeyasikia. Baiolojia nimepata B. Kaka Abdulmalik alifurahi, akasema wakati nasubiri kupangiwa kidato cha tano nikae naye dukani Kariakoo niuze mapazia. Nilienda siku mbili. Mteja akiuliza bei namjibu kwa sauti ndogo, mpaka mmoja akamgeukia kaka: "Huyu bubu, au bei ni siri?" Nimerudishwa nyumbani kumsaidia wifi Zeina, aliyejifungua mwezi uliopita. Mtoto ni wa kiume, anaitwa Zayed, mzito kama gunia la sukari. Bibi Mwanamkuu amehamia chumbani kwangu ili amhudumie mzazi na mtoto mpaka arobaini iishe.

Sasa swali langu. Wewe unasoma PCB na sisi wengine tunakutegemea. Mtulinga ni wa nini? Ule mfupa unaoanzia chini ya koo ukaenda mpaka begani. Kitabu chetu kiliuchora, kikaandika jina, kikanyamaza. Nimejitazama kwenye kioo cha bafuni. Nikiweka kidole juu yake na kuinua mkono, mfupa nao unanyanyuka na kujizungusha kidogo, kama mtu anayegeuka usingizini. Kumbe umekuwa ukifanya hivyo miaka yote na mimi sijui.

Je, unaweza kuvunjika bila mtu kuanguka? Na ukivunjika, mtu anajuaje?

Nauliza kwa kutaka kujua tu. Kuna mtu mmoja ninayemfahamu. Usimwambie yeyote.

Wako,
Badria


Iringa, bwenini
Jumapili, 11 Februari 2024

Shoga yangu Badria,

Mambo? Huku baridi, maharage, na prepo hadi macho yanauma. Barua yako nimeisoma nikiwa kwenye foleni ya maji, na wenzangu wakadhani nimeandikiwa na mchumba kwa jinsi nilivyokuwa nikijipapasa kifuani huku nainua mkono juu na kuushusha. Nikawaambia, jipapaseni na nyie. Foleni nzima ikawa inajipapasa. Matroni akapita, akatuuliza kama tuna upele.

Haya, sikiliza. Nimeenda maabara kumwona Mkaguzi. Mkaguzi ni kiunzi cha mifupa ya plastiki kinachosimama pembeni, tumekiita hivyo kwa sababu kinatutazama na hakifundishi. Bahati nzuri kwako, mtulinga wake wa kulia ulipotea zamani na mtu akafunga waya mahali pake. Bega la upande huo limeanguka mbele, mkono unaning'inia kwenye mbavu kama mtu anayesikia baridi. La kushoto limekaa sawa, nje, mkono huru. Mwalimu Theophil akasema: "Umeuliza kazi yake? Kazi yake ndiyo hiyo unayoiona haipo."

Nyie wa mapazia mtanielewa. Mtulinga ni ufito wa pazia. Ncha moja imeshika mfupa wa kidari, katikati ya kifua, na ncha ya pili imeshika kombe la bega, na kati yake unatanua bega lisirudi ndani, mkono upate nafasi ya kuzunguka. Kombe lenyewe huko mgongoni limelala kwenye nyama tu. Kwa hiyo mkono wote, na vidole vyote na hiyo kalamu yako, umeungana na mifupa ya kiwiliwili kwa kimfupa hicho kimoja kisichozidi unene wa kidole. Nilipoambiwa sikuamini. Na chini yake inapita mishipa ya damu na ya fahamu inayokwenda mkononi, kwa hiyo unailinda pia.

Jambo jingine: huo ndio mfupa wa kwanza kuanza kuwa mgumu mtoto akiwa tumboni, na karibu wa mwisho kumaliza. Mpaka mtu apite miaka ishirini. Mitulinga yetu mimi na wewe bado haijaiva.

Unavunjika kirahisi, mara nyingi katikati, pale unapopinda. Mtu akiangukia bega, akigongwa, akivutwa vibaya. Aliyevunjika anaubeba mkono wake kwa mkono wa pili, na hataki uguswe. Baadaye unaota kivimbe.

Sasa, Badria. "Mtu mmoja ninayemfahamu." Nimekujua tangu ukimtuma Tarsis akakununulie aiskrimu kwa kuogopa muuzaji. Mtu huyo ni wewe. Umepanda bodaboda? Umeanguka ngazi? Au kuna mtu amekuvuta mkono? Nijibu haraka. Usiponijibu namwandikia mama.

Rafiki yako asiyetaniwa,
Euphrasia


Mchafukoge
Jumamosi, 17 Februari 2024

Mpenzi Euphrasia,

Si mimi. Barua yako ilikaa kwenye sanduku la posta la kaka mpaka jana, ndiyo maana nimechelewa. Mabega yangu ni mazima yote mawili, nimeyahakikisha kwa kufuata maelezo yako.

Kwanza nikusimulie. Nilitumwa bucha kwa Mzee Abdulhamid, na alikuwa akipasua mbuzi. Nikakaa pale mpaka wateja wakaisha, nikamuuliza: "Shikamoo. Mbuzi ana mtulinga?"

"Marahaba. Ana nini?"

Nikamwonyesha wangu.

"Mjukuu wa Mwanamkuu leo anaongea," akamwambia mwenzake, "na akiongea anaongea mifupa." Akashika mguu wa mbele wa mbuzi, akapitisha kisu kwapani, na mguu wote ukatoka pamoja na kombe lake. Kisu kilikata nyama tupu, hakikugonga mfupa hata mara moja. "Hana. Mbuzi kazi yake mbele na nyuma, mbele na nyuma. Ulimwona wapi mbuzi anakumbatia mtu?"

Nimewaza hayo njia nzima. Kukumbatia, kufua, kuanua nguo, kuinua mikono kuomba dua, vyote vinadai ule mfupa mmoja. Nilitaka kumweleza kila niliyekutana naye, ila nilifika nyumbani nikasema "nyama hii hapa" basi.

Sasa nakuambia ukweli. Ni mtoto. Ni Zayed.

Kitovu kilipoanguka Bibi alianza kumkanda, kama alivyomkanda kaka, na mimi, na nusu ya watoto wa mtaa huu. Unajua wifi ni mtoto wa Waarabu wa Upanga, na kwa desturi mzazi wa kwanza hukaa arobaini kwa mama yake. Wifi mwenyewe aliomba abaki huku kwa sababu ya mikono ya Bibi. Mama yake, Bi Khairunnisa, alipinga, mwishowe akaacha. Nilishika bakuli la mafuta ya nazi siku ile ya kwanza. Bibi alimpaka, akamnyoosha miguu, akaikunja mikono kifuani, wa kulia juu ya wa kushoto, kama anavyofanya siku zote. Zayed alilia sana. Bibi akasema watoto wengine huanza na kilio. Kesho yake asubuhi, nikimbadilisha nguo, nikahisi kivimbe juu ya kifua upande wa kulia, kigumu kama punje ya hindi. Na mkono huo hauinui. Nikimpa kidole anakishika vizuri, lakini mkono anauacha ulale.

Bibi naye nadhani amekiona. Alimkanda mara ya pili, akaishia katikati, akamfunika mtoto nisione. Tangu hapo anasema mikono yake ina ganzi na atamkanda ikipoa. Nimemnunulia dawa ya kuchua. Ameipokea lakini hajaifungua.

Sijamwambia mtu. Nikisema, watauliza nani alimshika. Nisiposema, je, mkono wa Zayed utapona wenyewe? Nadhani lazima aende hospitali. Nimejiambia nitamwambia wifi leo, na sasa ni jioni na bado sijasema.

Badria


Iringa
Jumapili, 18 Februari 2024

Badria,

Wiki nzima hujajibu. Nimemwandikia mama, barua imeondoka na basi la leo ili ifike upesi. Nimemwambia umevunjika mtulinga, unaficha, na akakuvue mtandio aone. Kasirika utakavyo. Afadhali unikasirikie ukiwa na bega zima.

Euphrasia


Mchafukoge
Jumapili, 25 Februari 2024

Euphrasia,

Barua zetu zilipishana njiani. Laiti ungenisubiri.

Mama yako alipanda Jumanne alasiri, futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. Sebuleni tulikuwa wote: wifi na mtoto, Bi Khairunnisa aliyekuja kuwatazama, Bibi kwenye mkeka, na mimi.

"Badria, vua mtandio."

"Shikamoo, Mama Tarsis."

"Marahaba. Vua mtandio nione bega."

"Kuna nini tena?" akauliza Bi Khairunnisa.

"Mwanangu kaniandikia. Huyu kavunjika mfupa hapa juu na anaficha."

Nikasema si mimi. Mama yako akaniuliza kama si mimi ni nani. Nilimtazama Zayed, na wote wakamtazama. Wifi akafungua vifungo vya fulana. Bi Khairunnisa akapitisha kidole, na kidole kikasimama pale pale.

"Nani anamkanda huyu mtoto?"

Wifi akageukia mkeka wa Bibi.

"Nilisema toka mwanzo," akasema. "Arobaini ni kwa mama mzazi. Mkataka mikono ya huku. Haya, mikono mizito ndiyo hii, mikono ya kusukuma chapati, inampiga kichanga kama donge."

"Mama," wifi akasema.

"Usiniite mama. Jibu. Kabla hajakandwa alikuwa na hiki?"

Wifi akalia. "Sikukiona."

Nilitazamia Bibi amjibu. Unamjua Bibi. Mwaka jana muuza samaki alimwita kikongwe akajuta soko zima. Lakini alisema neno moja tu, "Kweli," akashika ukuta akasimama. Ndipo nikaelewa kuwa ganzi haikuwepo. Siku zote zile alikuwa akiamini ni yeye, na nilikuwa namletea dawa ya kuchua.

Zayed alipelekwa hospitali jioni ile ile. Eksirei inaonyesha mtulinga wa kulia umevunjika katikati na umeanza kuunga. Daktari amesema utapona, wifi abane mkono wa fulana kifuani kwa pini ili usichezecheze, na amrudishe. Hakuna aliyeuliza kitu kingine. Bi Khairunnisa alitoka na ile picha kama hati ya hukumu. Wifi na mtoto wako Upanga, arobaini haijaisha. Kaka anakwenda kuwaona akifunga duka, anarudi usiku. Bibi alikunja kanga zake asubuhi ya pili, akavuka Kigamboni kwa dada yake, na simu ameizima. Mama Tarsis ameniomba radhi kwa sahani ya ndizi. Si kosa lake.

Naulizia jambo moja tu. Bibi alimkanda jioni, kivimbe nikakihisi asubuhi. Kila mtu anahesabu hivyo, hata Bibi mwenyewe. Lakini uliandika kwamba mfupa "baadaye unaota kivimbe". Baadaye ni lini?

Badria


Iringa
Ijumaa, 1 Machi 2024

Badria wangu,

Nimeanza barua hii mara kadhaa, na kila mara naanza na kichekesho, kisha nakichana. Nilidhani, nikaandika nilichodhani, na bibi yako amehama nyumba. Sikuwa na haki. Hilo nimelisema, na sasa nifanye lenye faida.

Nimeenda kwa nesi wa shule na kwa Mwalimu Theophil, mmoja mmoja, nione kama watapishana. Hawakupishana. Mfupa ukivunjika, kwanza damu inaganda pale. Usiku ule ule panaweza kuvimba, lakini uvimbe huo ni laini. Kisha mwili unaleta kitu kama gundi, na juu ya gundi unajenga mfupa mpya, mnene kuliko ule wa zamani, kama fundi anayeweka saruji nyingi kwenye ufa kwa kuogopa. Hicho ndicho kivimbe kigumu. Kwa watu wazima kinachukua wiki nyingi. Kwa kichanga mambo ni haraka sana, lakini hata kichanga anahitaji wiki au zaidi kidogo. Usiku mmoja hautoshi.

Nesi akaongeza jambo ambalo sikulijua kabisa. Watoto wakubwa wakati mwingine mabega yanabanwa wakati wa kuzaliwa, kichwa kimeshatoka na bega limekwama, na mtulinga unavunjika hapo hapo. Mara nyingine hakuna anayegundua mpaka kivimbe kionekane. Karibu wote wanapona vizuri.

Sijui kama ndivyo ilivyokuwa kwa Zayed, na safari hii sidhani kitu. Kuna mtu mmoja aliyeona picha na anayejua kuisoma, naye ni yule daktari. Mtu wa kumuuliza yupo pia. Usimtume Tarsis.

Euphrasia


Mchafukoge
Jumamosi, 9 Machi 2024

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Naandika kwa sababu simu yako haipatikani, na kaka Abdulmalik amekubali kukuletea barua hii mkononi.

Jana nilikwenda Upanga. Ilikuwa siku ya kumrudisha Zayed kwa daktari, nikamwomba wifi nifuatane nao. Bi Khairunnisa alikuwepo. Kwenye chumba cha daktari tulikaa sote benchi moja, na daktari akasema mfupa unaendelea vizuri, tuonane tena baadaye. Wakainuka. Mimi sikuinuka, Bibi. Nilishika ukingo wa benchi.

Nikasema, "Daktari, samahani. Ulivunjika lini?"

Hakunisikia. Bi Khairunnisa akasema, "Mtoto anakuuliza, daktari," akanigeukia, "ongea kwa sauti, mwanangu." Basi nikarudia kwa sauti, mpaka nesi wa nje akachungulia. Nikamweleza siku kitovu kilipoanguka, jioni uliyomkanda, na asubuhi niliyohisi kivimbe. Nikamwambia kilikuwa kigumu.

Daktari akairudisha ile picha ya kwanza kwenye taa. Akamuuliza wifi mtoto alizaliwa na kilo ngapi. Wifi akasema nne na robo. Akamuuliza kama mabega yalisumbua. Wifi akasema kichwa kilikuwa kimetoka na mkunga akawaita wenzake wawili, wakamkunja yeye miguu mpaka kifuani na kumbonyeza tumbo, na hakumwambia mtu kwa sababu alidhani ndivyo wanawake wote wanavyozaa. Daktari akasema ndipo hapo. Mfupa mpya kama ule hauoti kwa usiku mmoja. Ulikuwa umeshavunjika kabla hujampaka mafuta. Amesema hutokea kwa watoto wakubwa, si kosa la mkunga, si la mama, wala si lako. Nilimuuliza mara ya pili nisije nikakuletea maneno yangu. Akasema, "Mwambie bibi yako si yeye."

Zayed alilia siku ile kwa sababu alikuwa na maumivu tayari, na kukunjwa mikono kulimuuma. Hilo sikufichi, daktari alisema pia. Asinyooshwe mkono huo mpaka ruhusa itoke. Lakini hukumvunja, Bibi.

Rudi nyumbani. Kitanda chako nimekitandika.

Mjukuu wako,
Badria


Kigamboni
Jumatatu, 11 Machi

Mjukuu wangu Badria,

Marahaba. Barua yako nimeisoma peke yangu, kisha nikamsomea dada yangu, naye akasema, "Kumbe huyu mtoto ana sauti." Nimemshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto. Mwambie daktari ahsante.

Umeniandikia vizuri na akili yangu imekubali. Mikono yangu haijui kusoma. Juzi nimepewa mtoto wa jirani nimpakate tu, nikasema nina kikohozi. Hata nikishika donge la unga nasita, naona kama litalia. Nimekanda watoto tangu mama yako hajazaliwa na sikuwahi kuiwaza mikono hii. Sasa naiwaza toka asubuhi.

Siji Upanga kuombwa radhi, na huko Mchafukoge siji kukaa kama mgeni kwenye mkeka nimefunika mikono. Niacheni huku nifunge Ramadhani yangu. Mtoto akikua ataletwa nimwone.

Usilie. Na usiache kuuliza watu maswali.

Bibi yako,
Mwanamkuu binti Ramadhan


Mchafukoge
Jumapili, 17 Machi 2024

Mpenzi Euphrasia,

Ramadhani imeingia, na nakuandikia kabla ya kufuturu, tumbo linaniamrisha niandike kifupi lakini sitaweza.

Barua ya Bibi nilimpelekea wifi. Aliisoma, akaikunja, akaenda kumwambia mama yake: "Arobaini yangu imeisha. Jumamosi navuka." Nilidhani Bi Khairunnisa atagomba. Akaenda chumbani, akarudi na mfuko wa tende na buibui lake la kutokea. "Mnapandaje pantoni na mtoto mchanga bila mtu mzima?" akasema, kana kwamba wifi ni msichana wa darasa la tano.

Tulipanda bajaji mpaka Magogoni, kwenye kivuko. Ndani ya pantoni wifi alimkumbatia Zayed kwa upande wa kushoto, na mama yake akasimama upande wa kulia, akiwasukuma kwa kiwiko abiria wote waliokaribia ule mkono. Mwanamume mmoja akalalamika, "Mama, hii pantoni ya serikali." Akamjibu, "Na mtulinga huu wa nani?" Nilicheka mpaka nikageuka kutazama maji. Neno lenyewe alikuwa halijui mwezi uliopita.

Bibi alikuwa uani anachambua mchele. Alipotuona aliingiza mikono chini ya kanga. Nikamwamkia, wifi akamwamkia, akaitikia vizuri, lakini mikono haikutoka. Kisha wifi nami tukawapisha wale wakubwa wawili. Bi Khairunnisa alikuwa ameshika ule mfuko wa tende kwa mikono yote miwili.

"Mwanamkuu," akasema, "nilisema mikono mizito."

"Ulisema."

"Mzito alikuwa mtoto. Kilo nne na robo. Sasa mimi nimpe lawama nani, huyu? Hata meno hana."

Dada yake Bibi ndiye aliyeanza kucheka, halafu wifi. Bibi alikaza uso mpaka akashindwa. Akasema, "Karibuni, mketi, mbona mmesimama kama wadai?" Lakini bado hakumpokea mtoto. Wifi alimlaza mkekani mbele yake na akajisogeza nyuma. Zayed alikuwa macho, anarusha miguu. Pini imeshatolewa, daktari ameruhusu. Mkono wa kulia anauinua sasa, bado si juu kama wa pili.

Euphrasia, maneno yote nilikuwa nimeshayaandika. Nikakaa karibu na Bibi, nikaingiza mkono wangu chini ya kanga yake, nikautoa wa kwake. Ulikuwa wa baridi. Nikakishika kidole chake cha shahada, nikakiweka kifuani mwa Zayed, pale katikati.

"Unaanzia hapa, Bibi. Huu ni mfupa wa kidari. Sasa twende taratibu."

Nikakipitisha. Kilipofika kwenye kivimbe nilihisi anataka kukirudisha, nikakishikilia. Zayed hakulia. Alikuwa anatazama kidevu cha Bibi.

"Mbona kigumu hivi?"

"Ni mfupa mpya. Umejengwa mnene zaidi ili usiachie tena. Daktari anasema akikua utajisawazisha, hata kivimbe hakitaonekana."

"Na unaishia wapi?"

"Hapa begani. Huu ndio unaoshika mkono wote."

"Wote? Huu mwembamba?"

"Wote, Bibi. Na kwako uko hivyo hivyo." Nikamwonyesha wa kwake. Ngozi imekonda, unaonekana mzima, mwanzo hadi mwisho. Akaupapasa mwenyewe, akainua mkono, akaushusha, akauinua tena. Unajua uso wa mtu anapouhisi mfupa ule ukijigeuza kama aliye usingizini? Ndio uso aliokuwa nao, na dada yake naye akaanza kujipapasa, na Bi Khairunnisa chini ya buibui.

"Miaka yote hii," Bibi akasema, "nilikuwa napita juu yake tu." Akamwuliza wifi, siyo mimi: "Daktari amekataza nini hasa?"

"Mkono wa kulia, Bibi. Usinyooshwe wala usikunjwe, mpaka mwezi ujao. Kwingine kote hakukataza."

Bibi akamsogelea Zayed. Akafuta mikono kwenye kanga, akaisugua moja kwa nyingine ipate joto.

"Badria, kuna mafuta jikoni, nyuma ya mtungi. Lete. Leo miguu tu."

Badria